Pweza wa Damascus Wananichanganya

SWALI: Ndugu Mhariri, baada ya kuipenda sana riwaya ya Children of Time ya Adrian Tchaikovsky, nilinunua mwendelezo wake, Children of Ruin, uliotoka mwaka 2019. Nimefika katikati na nimepotea. Hadithi inaruka kutoka zama moja hadi nyingine, na wale viumbe wageni wanaofanana na pweza hawana msimamo: mara wanashambulia, mara wanasaidia, bila sababu ninayoiona. Je, kuna kitu kimenipita, au kitabu chenyewe kimevurugika?
Msomaji, Tanga

JIBU: Ndugu msomaji, hakuna kilichokupita, lakini umeingia na dhana moja ambayo ukiiacha, nusu ya mkanganyiko itaondoka. Pweza hao si viumbe wageni. Asili yao ni bahari za dunia yetu: Disra Senkovi, mmoja wa wanasayansi waliotumwa kuandaa sayari za mbali ili zikalike, ndiye aliyewafuga katika sayari ya Damascus na kuwakuza kwa kirusi cha aina ile ile kilichowapa akili buibui wa kitabu cha kwanza. Kiumbe mgeni wa kweli anatoka sayari jirani ya Nod, na kwa kuwa bado hujamaliza sitamweleza zaidi.

Kuhusu kugeukageuka kwao, wewe unayeishi pwani una faida kubwa. Huenda umewahi kumwona pweza akitolewa pangoni mwake wakati wa bamvua: ngozi inapauka, inakuwa ya hudhurungi, inatoka madoa, yote hayo kabla hujapepesa macho, na hata akishakatwa, mnyiri mmoja uliowekwa kando bado hujikunja na kung'ang'ania kidole. Sababu ni kwamba pweza wa kawaida ana takriban seli za neva milioni 500, na karibu theluthi mbili kati ya hizo zimo katika minyiri, si kichwani. Tchaikovsky, ambaye alisomea zoolojia na saikolojia, amelichukua jambo hilo kwa uzito wote na kuigawa akili ya pweza wake katika sehemu tatu, ambazo kwa Kiswahili ningeziita Taji, Mfiko na Vazi. Taji ni ubongo wa kati, unaohisi na kutamani. Mfiko ni minyiri, inayopiga hesabu na kutenda bila kumweleza mwenyewe ilivyofika hapo. Na Vazi ni ngozi, inayotangaza kwa rangi kila kinachopita ndani ya Taji. Kwa hiyo unaposoma kwamba wamegeuka, usitafute hoja iliyowashinda. Hisia imebadilika, na ngozi imesema.

Ndiyo maana ujumbe wao husafiri kwa njia mbili, rangi upande mmoja na takwimu upande mwingine, na Helena, mtafiti wa lugha ambaye amekwisha kujifunza kuzungumza na buibui, anahangaika mbele yao kama unavyohangaika wewe. Niliposoma kitabu hiki mara ya pili nilimfuata yeye hatua kwa hatua, nikikubali kutojua chochote asichokijua, na kurasa zilizokuwa zimenishinda zikafunguka.

Zama ni rahisi zaidi: kila sehemu imeandikwa juu yake kama ni ya zamani au ya sasa, na kati yake kuna maelfu ya miaka. Usishawishike kuzisoma sehemu za zamani zote kwanza, kwa sababu hofu iliyomo katika sehemu za sasa inategemea wewe kutojua yaliyotokea.

Lawama moja naikubali kabisa. Katika kitabu cha kwanza majina ya Portia, Bianca na Fabian yalirithiwa kizazi hadi kizazi, na hapa yanarudi kwa buibui wapya bila utambulisho wa kutosha. Ikiwa ulidhani Portia huyu ndiye yule uliyemzoea, nadhani kosa ni la mwandishi. Avrana Kern, mwanasayansi wa kitabu cha kwanza, peke yake ndiye yule yule, ingawa sasa ni akili ya kompyuta inayoendeshwa kwa sisimizi. Andika kwenye kikaratasi kwamba Helena anafanya kazi na Portia, na Meshner anafanya kazi na Fabian, kisha ukiweke ndani ya kitabu. Hao wawili wa mwisho uwatazame sana kuanzia hapo ulipofika, kwa kuwa jaribio lao la kumwezesha binadamu kupokea kumbukumbu za buibui ndilo litakalobeba sehemu kubwa ya yanayofuata.