Jibu: Shanga za alijineti zinalegea na seli za katikati zinakufa, je, niongeze ganda?

Mkuu, kwa jinsi nilivyokuelewa, unafunga seli za ini kwenye shanga za alijineti, yaani jeli ya mwani, zenye upana wa milimita mbili hivi, seli milioni 10 kwa kila mililita. Ukizitia rangi ya kupimia uhai, ambapo kijani ni seli hai na wekundu ni zilizokufa, siku ya kwanza zinang'aa kijani zote. Siku ya tatu shanga zimevimba, zinapasuka ukizivuta kwa pipeti, na ukiikata moja katikati unaona wekundu mtupu. Unauliza kama upandishe alijineti kutoka asilimia 1.5 hadi 3, au uzipake kwa nje polilisini, molekuli ndefu yenye chaji chanya inayoshikana na alijineti.

Kwa sasa usifanye lolote kati ya hayo. Nimefanya kazi hii miaka kadhaa, nikianza na hamira na bakteria kabla ya kuhamia seli za mamalia, na unachokieleza nimekiona kwenye meza nyingi za maabara. Una matatizo mawili yasiyohusiana, na hakuna hata moja linalotokana na ganda kuwa jepesi.

Nianze na kulegea. Alijineti inatoka kwenye mwani wa kahawia, na minyororo yake ina sukari za aina mbili, manuroniki na guluroniki. Kalsiamu hukaa kwenye mikunjo ya vipande vya guluroniki kama mayai kwenye trei, ikishika mnyororo huu na ule, na hapo ndipo jeli inapopatikana. Ukiiondoa kalsiamu, jeli inarudi kuwa uji. Umesema unasuuza shanga kwa bafa ya fosfati kabla ya kuzitia kwenye midia, yaani kimiminika cha kulishia seli. Mkuu, fosfati inainyakua kalsiamu, na sodiamu iliyojaa kwenye bafa inakaa mahali pake. Shanga zinaanza kulegea palepale kwenye kusuuza, ila hulioni mpaka siku ya tatu. Suuza kwa maji ya chumvi ya asilimia 0.9 yenye milimola chache za kloridi ya kalsiamu, na kama unahitaji kushikilia pH tumia HEPES, bafa isiyo na fosfati. Wala usijaribu kuitia kalsiamu ndani ya bafa ya fosfati ukidhani unaziba pengo, utapata maziwa badala ya bafa. Kwa ubaridi wa akili uangalie pia aina ya alijineti uliyonunua: yenye guluroniki nyingi hutoa jeli ngumu zaidi na inayovumilia midia kwa muda mrefu kuliko yenye manuroniki nyingi.

Kuhusu bafu la kugandishia, kloridi ya kalsiamu ya milimola 100 inatosha, na nguvu yake ya osmosi inakaribia ya damu, kwa hiyo seli hazisinyai wala kupasuka. Dakika tano hadi kumi, kisha zitoe. Wapo wanaoziacha saa nzima ili "zikomae". Shanga zinakomaa kweli, seli ndizo zinazoumia.

Sasa kifo cha katikati, ambacho ndicho kikubwa. Ndani ya mwili, seli nyingi hazikai mbali na mshipa mwembamba wa damu zaidi ya mikromita 100 hadi 200, kwa sababu oksijeni ikisafiri yenyewe bila damu inaisha njiani. Katikati ya shanga yako ni mikromita 1,000 kutoka ukingoni, na njia nzima imejaa seli za ini, ambazo ni miongoni mwa walaji wakubwa wa oksijeni. Za ukingoni zinakula, za ndani zinakosa. Ukipandisha alijineti hadi asilimia 3 hutaiongezea oksijeni hata chembe, utaipunguzia kidogo na kujiletea mnato utakaokupa shanga zenye mikia. Mwenzako aliyejibu hapo juu kwamba yeye ana shanga kubwa na seli zake ziko salama wiki kadhaa hadanganyi: ametaja kuwa anatumia seli za gegedu, na hizo zimezoea kuishi kwa oksijeni ndogo. Hazilinganishwi na za ini.

Dawa ni kupunguza upana wa shanga hadi mikromita 400 au 500, au kupunguza idadi ya seli, au vyote viwili. Kwa mkono na bomba la sindano hufiki huko, tone linajiachia pale tu uzito wake unaposhinda mvutano wa uso, na hilo tayari ni tone kubwa. Puliza hewa kuizunguka sindano ili iling'oe tone mapema, au weka volti elfu kadhaa kati ya sindano na bafu. Ya hewa ni rahisi kuanza nayo. Ya umeme inatoa shanga zinazofanana zaidi, lakini usiiguse bila mtu anayeijua kusimama nawe.

Jambo la tatu hukuliuliza. Alijineti ni tupu, haina mahali pa seli kushika, na seli za ini zisiposhika kitu hupoteza kazi zake hata kama bado zinang'aa kijani. Zikusanye kwanza ziwe vifundo vidogo ndipo uzifunge, au changanya kolajeni kidogo.

Na kuhesabu. Ukiziyeyusha shanga kwa sitreti ya milimola 55, ambayo huinyakua kalsiamu, na kuhesabu kwa tripani buluu, rangi inayoingia kwenye seli zilizokufa tu, seli zilizokwisha kusambaratika hazitaonekana kabisa, kwa hiyo asilimia ya walio hai itapanda bila sababu. Linganisha idadi nzima ya seli unazozitoa na idadi uliyoingiza. Mimi ripoti ya "asilimia 95 hai" isiyo na hesabu hiyo siisomi mara ya pili.

Sasa hilo la polilisini. Hapa lazima nikuulize wewe: shanga hizi ni za kazi gani? Kulinda seli, kuzihifadhi, au kufikisha kitu mwilini? Watu huyataja haya matatu kwa pumzi moja, lakini kila moja linataka ganda lake, na mara nyingi linalosaidia huku linaharibu kule.

Kama ni kulinda seli dhidi ya mfumo wa kinga, polilisini ina historia. Thomas Chang wa Chuo Kikuu cha McGill alianza na kapsuli zenye utando unaochuja tangu 1957. Mwaka 1980 watafiti Lim na Sun walifunga visiwa vya kongosho, yaani vifundo vya seli zinazotoa insulini, kwa alijineti na polilisini, wakavipandikiza kwa panya wenye kisukari, na sukari ikawa ya kawaida kwa wiki mbili hadi tatu, wakati visiwa visivyofungwa viliishiwa nguvu ndani ya siku chache tu. Wazo ni la chujio (dalton ni kipimo cha uzito wa molekuli): glukosi ya dalton 180 inaingia, insulini ya dalton 5,800 hivi inatoka, antibodi ya dalton 150,000 inabaki nje. Kwenye karatasi linapendeza. Tatizo ni kwamba sitokini, yaani protini za ishara za mfumo wa kinga, nyingi zinazoua seli za kongosho zina ukubwa wa dalton elfu kumi na kitu, kwa hiyo zinapita vizuri tu. Na mwili nao hauhitaji kuingia ndani ili ushinde. Unaizingira kapsuli kwa seli zake na tishu ya kovu, oksijeni inakatika, na seli zinakufa njaa zikiwa zimelindwa barabara. Polilisini, kwa chaji yake chanya, inaalika kovu hilo isipofunikwa vizuri na tabaka jingine la alijineti.

Mwaka 2015 kundi la watafiti lililowahusisha Veiseh, Langer na Anderson lilionyesha kwamba shanga za milimita 1.5 zinapata kovu dogo kuliko zile ndogo za nusu milimita. Umeona mtego? Kovu linataka shanga kubwa, oksijeni inataka ndogo. Hakuna ganda la kupaka linaloondoa mvutano huo, na kwa maoni yangu ndio umekula miaka mingi ya watafiti wa kisukari kuliko kitu kingine chochote. Njia mojawapo ni kubadili kemia ya alijineti yenyewe. Mwaka 2016 alijineti iliyorekebishwa hivyo iliwaweka panya wa maabara kwenye sukari nzuri kwa siku 174, wakitumia seli zilizotokana na seli shina za binadamu. Kwa binadamu wenyewe, kampuni ya dawa ya Vertex ilisimamisha jaribio lake la seli zilizowekwa ndani ya kifaa mwaka 2025 kwa sababu insulini iliyotoka haikutosha.

Kama ni kuhifadhi, sahau kinga, unapambana na baridi na maji. Seli shina zilizotolewa kwenye mafuta, zikifungwa kwa alijineti, zimehifadhiwa siku kadhaa bila friza, na nyuzi 15 hivi zilifaa kuliko nyuzi 4 za jokofu. Ukitaka miaka, wafuate watu wa mimea: tangu 1990 wanafunga ncha za chipukizi, wanazilowesha kwenye sukari, wanazikausha, kisha wanazitumbukiza kwenye nitrojeni kimiminika ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Jeli inawawezesha kukausha taratibu bila kuzichana tishu. Seli zako za ini hazitavumilia ukaushaji huo.

Na kama ni kufikisha, wakati mwingine unataka ganda livunjike. Bakteria wa tumbo wakifungwa kwenye alijineti, asidi ya tumbo inaikaza jeli, kisha kwenye utumbo, ambako asidi imepungua na fosfati ipo, inafunguka. Udhaifu uleule unaokusumbua wewe, wao ndio wanaoutafuta. Wakati mwingine ganda libaki na kitu kitoke polepole: Machi 2025 Marekani iliidhinisha Encelto, kifaa kidogo cha kuwekwa ndani ya jicho, chenye seli zilizorekebishwa zinazotoa protini ya kulinda retina. Hicho si shanga ya alijineti, ni mrija wa plastiki wenye utando. Jicho linafaa kwa sababu ni mahali ambapo kinga ni pole, na dozi inayohitajika ni ndogo sana.

Kama zako ni za kupimia dawa kwenye sahani, basi hakuna kinga ya kuogopa na polilisini haina kazi. Badilisha maji ya kusuuzia kwanza, peke yake, uone siku ya tatu. Kisha upana. Usibadilishe vyote siku moja. Weka hapa picha za shanga zilizokatwa pamoja na kiasi cha kalsiamu na fosfati kilicho kwenye midia yako, tuangalie.