Gereji ya Wasomaji: Pijo ya marehemu baba

SWALI: Shikamoo mzee. Marehemu baba ametuachia Peugeot 404 ya mwaka 1967, saluni, rangi ya krimu. Alikuwa mwalimu na ndiyo iliyotubeba wote shuleni. Imekaa chini ya mjakaranda hapa Nakuru tangu 1999. Mlango wa nyuma umebonyea, aligonga ng'ombe mwaka 1983. Fundi wetu anasema tung'oe injini tutie ya Toyota, tupulize rangi mpya ya metaliki, kisha tuipeleke kwenye mashindano ya kupamba na kutunza magari kule Ngong, Nairobi. Ndugu yangu naye anataka tuichore namba kama gari la mbio za Safari Rally. Tuanzie wapi? – Msomaji, Nakuru

JIBU: Marahaba mwanangu, na poleni sana kwa msiba. Ujumbe wako nimeusoma mara mbili, na la kwanza ninalokuomba ni umsimamishe huyo fundi leo hii. Asiguse kitu.

Injini ya 404 ndiyo 404 yenyewe. Wafaransa waliilaza ubavu kwa nyuzi 45 ili boneti ikae chini. Ina ukubwa wa cc 1618, na slivu zake, ile mirija ambamo pistoni hupanda na kushuka, zimezungukwa na maji moja kwa moja, kwa hiyo hung'olewa zikatiwa nyingine bila kuchonga bloku. Hata kama pistoni zimeganda kwa kutu, injini hiyo inafufuka. Ukitia ya Toyota utapata gari la kwendea sokoni, lakini ile aliyoiendesha mwalimu itakuwa imezikwa naye.

Msijaribu kuiwasha kwa betri. Toeni plagi zote 4, mimineni oili kidogo katika kila tundu, muiache siku tatu nne. Kisha tafuteni hendeli ya kuzungushia injini, yamkini iko kwenye buti chini ya mazulia, muizungushe injini kwa mkono, polepole. Ikikataa msiilazimishe, ongezeni oili, mngoje tena. Ikikubali, mwageni oili yote ya zamani, mshushe tangi na kuliosha, maana petroli ya miaka yote hiyo imeshakuwa kama gundi. Halafu fungueni radieta mtazame maji. Kichwa cha silinda ni alumini na bloku ni chuma, na wengi wetu tulikuwa tukijaza maji ya bomba tu, mwaka baada ya mwaka. Alumini huliwa kimya kimya. Mkiona tope la kutu, kichwa kishuke kabla ya jambo jingine lolote. Na mipira ya breki ibadilishwe yote, hata ile inayoonekana nzima. Gari lisisogee hata hadi getini kabla ya hapo.

Sasa rangi. Chukua sumaku ndogo, ifunge kwa kitambaa laini, uipitishe juu ya bodi taratibu, hasa chini ya milango na kuzunguka matao ya magurudumu. Inaposhika, hapo pana bati. Inapoteleza, hapo pana puti ya kuzibia mashimo, na chini ya puti mara nyingi pana kutu. Andika kila mahali kwenye daftari. Kisha osha gari kwa sabuni ya kawaida, uchague sehemu ndogo isiyoonekana sana, uisugue kwa kompaundi. Mwanangu, nimeona krimu iliyokuwa kama unga wa mhogo ikirudi kung'aa kama samli. Ikirudi hivyo, rangi mpya ya nini? Mbonyeo wa ng'ombe mimi ningeuacha. Najua kuna mwamuzi atakayekukata alama kwa ajili yake. Akukate.

Haya nayasema kwa uchungu. Nilipokuwa natengeneza Morris Minor yangu ya 1958 nilikuwa na haraka, nikapeleka boneti ipigwe mchanga kwa kompresa ili kutoa rangi ya zamani. Anayepiga akaikazania mahali pamoja, bati likajikunja. Ilirudi ina mawimbi kama bahari ya kusi. Fundi wa bodi aliigonga wiki mbili na haikunyooka. Boneti ile ilikuwa imetoka kiwandani na gari lenyewe, na nimeipoteza kwa asubuhi moja. Nikapata nyingine baada ya miaka miwili. Kwa hiyo bati jembamba litolewe rangi kwa dawa na msasa, kwa mkono, hata kama ni kazi ya mwezi mzima.

Ndugu yako namwelewa. Peugeot 404 ilishinda Safari mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968. Mwaka 1963 na 1968 aliyeshinda ni Nick Nowicki, na katika miaka hiyo yote miwili ni magari 7 tu yaliyofika mwisho. Ni fahari ya 404 zote. Lakini hii yenu haikukimbia Safari, ilipeleka watoto shule. Msiivalishe sare ya vita ambavyo haikupigana.

SWALI: Mzee, nimetumia pesa nyingi kwenye Volkswagen yangu, ile ya mgongo wa kobe. Rangi unaweza kujitazama kama kioo, injini nimeipaka nikeli kila mahali, rimu mpya pana. Kwenye onyesho nikashindwa na mtu mwenye gari la rangi iliyofifia. Kuna upendeleo? – Msomaji, Embakasi

JIBU: Gari lako sikuliona, lakini kwa maelezo yako mwenyewe naamini waamuzi walitenda haki.

Pale Ngong Racecourse, mashindano yanayoandaliwa tangu 1970 na klabu ya wenye Alfa Romeo, waamuzi hawaishii kwenye rangi. Wanafungua boneti, wanafungua buti, wanaingia ndani, na wanaangalia chini ya gari. Mimi hutoka Mombasa, karibu kilomita 480, na usiku wa kuamkia siku yenyewe huwa nimelala chali chini ya Morris na mswaki na ndoo ya mafuta ya taa, nikitoa vumbi la Tsavo kwenye vichwa vya nati. Siku moja mwamuzi aliingiza kidole nyuma ya bampa, mahali nisipopafikiria kabisa, akakitoa cheusi. Hakusema neno. Aliandika tu.

Halafu kuna suala la uasilia. Klabu ya Marekani ya magari ya kale, AACA, iliyoanzishwa 1935, hupima gari kwa alama 400, na kipimo chao ni gari lilivyotoka kiwandani. Wao wakiona nikeli mahali ambapo kiwanda kilipaka rangi nyeusi, wanakata. Wakiona rimu pana, wanakata. Si kila onyesho lina ukali huo, lakini jicho la mwamuzi mzoefu huelekea huko huko. Umelipamba gari kuliko lilivyozaliwa, na mwenzako amelitunza. Kama rimu zako za zamani hujaziuza, zirudishe. Kama umeziuza, zifuate.

SWALI: Mimi ni msichana wa miaka 22, nasomea ufundi wa magari Mombasa. Sina gari na sitalipata karibuni. Natamani siku moja niwe mwamuzi. Inawezekana? – Msomaji, Kisauni

JIBU: Barua yako imenifurahisha kuliko zote za mwezi huu, binti yangu. Inawezekana, na kutokuwa na gari si kizuizi hata kidogo.

Chagua gari moja. Moja tu. Ulijue hadi ujue skrubu ipi ina kichwa bapa na ipi ina mviringo, kapeti ilishonwa kwa uzi gani, ni mwaka gani taa ilibadilishwa umbo. Tafuta vitabu vya kiwanda vya ufundi na orodha za spea. Michoro yake inaonyesha mambo ambayo picha za matangazo huficha. Nenda kwa mafundi wazee wa hapa Mombasa ukaone chumvi ya bahari inavyokula bati kutoka ndani kuja nje. Mwamuzi asiyeijua kutu atadanganywa na puti.

Nikupe mfano wa Morris yangu. Ukitazama nguzo iliyo kati ya mlango na dirisha la nyuma utaona ufa mwembamba, na wengi hudhani bodi imepasuka. Bonyeza swichi, mkono mdogo wenye taa ya rangi ya chungwa unachomoza kutoka mle, kama mtoto anayeomba ruhusa darasani. Ndivyo Minor zilivyoonyesha zinapokata kona, hadi 1961. Sasa ukiletewa Minor ya 1958 haina mkono ule, imetiwa taa za kuwakawaka, kata alama. Na ukiletewa ya 1964 mwenyewe ameitia mikono ili ionekane kongwe, kata pia.

Mwandikie mhariri akupe anwani yangu, kisha njoo Jumamosi yoyote baada ya adhuhuri. Uje na nguo za kazi. Mkono wa kulia wa Morris umeanza kukwama katikati, na kuufungua kunataka vidole vyembamba kuliko vyangu.