Columbus "aligundua" Amerika, au alifika tu?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nafundisha Maarifa ya Jamii shule ya msingi hapa Tanga. Juzi niliandika ubaoni: "Christopher Columbus aligundua Marekani mwaka 1492." Mwanafunzi mmoja akanyoosha mkono, akaniuliza: "Mwalimu, kama kule kulikuwa na watu, aligunduaje?" Nilimwambia tuendelee na somo, lakini swali lake limenikaa kichwani mpaka leo. Kitenzi sahihi ni kipi: aligundua, alivumbua, au kuna kingine? Na je, ni sawa kuwaita wale wenyeji "Wahindi Wekundu"?

JIBU: Marahaba, mwalimu mwenzangu. Mpe mtoto huyo salamu zangu, maana ameuliza swali la lugha hasa, japo mwenyewe huenda anadhani ameuliza la historia.

Kabla sijafika kwenye kitenzi, kuna neno jingine katika sentensi yako ambalo mtoto amelipita. Umeandika "Marekani". Kwa Kiswahili cha leo, Marekani ni nchi moja, ile ambayo makao yake makuu ni Washington. Amerika ni eneo lote, kutoka Kanada mpaka ncha ya kusini ya Chile na Argentina. Katika safari zake nne, kati ya 1492 na 1504, Columbus alipita visiwa vya Bahama, Kuba, Hispaniola, Jamaika, Trinidad, mdomo wa mto Orinoco na pwani ya Amerika ya Kati. Nchi bara ambayo leo tunaiita Marekani hakuikanyaga hata mara moja. Kwa hiyo hata kabla ya kubishana juu ya "kugundua", sentensi ina kosa. Andika Amerika. (Jina Marekani lenyewe lina jamaa yake wa dukani. Wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, walipokuwa wakileta Unguja kitambaa cha pamba kisichopaushwa katika karne ya 19, watu wa pwani walikiita merikani, na bado wapo wazee wanaolikumbuka neno hilo.)

Sasa kitenzi. Sitasema kwamba "aligundua" ni kosa la sarufi. Kamusi zinaliruhusu, na vitabu vimelitumia kwa miaka mingi. Ila tutazame linavyofanya kazi midomoni mwa watu. Mama anasema: "Nimegundua mtoto ana homa." Gazeti linaandika: "Polisi wamegundua ghala la magendo." Homa ilikuwapo kabla mama hajaijua. Ghala nalo lilikuwapo, tena lina wenyewe wanaolijua vizuri sana. Kwa hiyo kugundua hakumaanishi kwamba hakuna mtu mwingine aliyejua. Kunamaanisha kwamba jambo lilikuwa limefichika machoni pa huyo anayegundua.

Hapo ndipo mtoto wako aliponusa kitu. "Gundua" husimama upande wa anayetafuta, na kila kilicho upande wa pili hukifanya kionekane kama kilichojificha. Zamani neno hili lilibeba pia maana ya kumtokea mtu au mnyama kwa ghafla bila yeye kutarajia, kama mwindaji anavyomtokea paa nyikani. Ukisema Columbus aligundua Amerika, umeshamweka msomaji wako ndani ya merikebu, akitazama pwani. Watu waliokuwa ufukweni wakitazama tanga za wageni zikikaribia hawamo tena katika sentensi.

Nao walikuwapo. Usiku wa kuamkia 12 Oktoba 1492, baharia wa merikebu Pinta, Rodrigo de Triana, alipiga kelele kwamba ameona nchi kavu. Kulipokucha wakashuka kwenye kisiwa ambacho wenyeji wake, Walukayo wa jamii ya Wataino, walikiita Guanahani. Columbus akakipa jina la San Salvador. Angalia jambo hili vizuri, mwalimu: alipokipa jina, kilikuwa nalo jina tayari. Mahali pasipojulikana na mtu hapana jina.

Jaribu kipimo hiki darasani. Mtu wa Mwanza akija Tanga kwa mara ya kwanza, je, amegundua Tanga? Watoto watacheka, watasema amefika Tanga. Kisha wape mfano wa Pedro Álvares Cabral, ambao mimi naupenda kuliko yote kwa sababu unatugusa. Huyu Mreno aliondoka Lisbon Machi 1500 akiwa na merikebu 13, akielekea India. Akazunguka mbali sana upande wa magharibi, na tarehe 22 Aprili akaona mlima wa nchi ambayo sasa ni Brazil. Akakaa siku chache, akakutana na Watupi waliokuja ufukweni, kisha akageuza matanga kuelekea Rasi ya Tumaini Jema. Dhoruba ikamzamishia merikebu nne njiani. Mwezi Julai mwaka huohuo akatia nanga Kilwa, na mwezi Agosti Malindi.

Mtu mmoja, msafara mmoja, mwaka mmoja. Vitabu vinasema Cabral "aligundua" Brazil, halafu vinasema "alifika" Kilwa. Kwa nini? Kilwa ilikuwa na sultani, misikiti ya mawe na sarafu zake, na habari zake zilikuwa zimeshafika Ulaya. Watupi hawakuwa na hayo ambayo Mreno angeyatambua kuwa ni mji. Lakini walikuwa na nchi yao, vijiji vyao, mashamba yao ya muhogo na lugha yao. Tofauti ya vile vitenzi viwili haitokani na alichofanya Cabral, kwa sababu pande zote mbili alifanya jambo lilelile: alifika kwenye pwani ya watu. Inatokana na heshima tuliyowapa hawa na kuwanyima wale. Sisi wa pwani hii, ambao tusingekubali hata siku moja kuambiwa kwamba Cabral alitugundua, hatuna sababu ya kuwafanyia Watupi jambo hilo kwa Kiswahili chetu.

Kuhusu "kuvumbua", hapa kuna raha ya sarufi. Unajua jozi hizi: funika na funua, bandika na bandua, anika na anua. Cha kwanza kinatenda, cha pili kinatengua. Vumbua nacho ni mwenzi wa vumbika, yaani kukifukia kitu majivuni au ardhini, kama watu wanavyovumbika ndizi ziive. Kuvumbua, kwa asili yake, ni kukitoa nje kilichofukiwa. Ndiyo maana leo tunamwita mvumbuzi mtu aliyetengeneza kitu kipya, kana kwamba amekitoa mahali kilipokuwa kimelala. Kwa Columbus neno hili halifai hata kidogo, maana Guanahani haikufukiwa, wala yeye hakuitengeneza.

Lakini kuna mahali katika habari hizi ambapo vumbua linakaa sawasawa. Miaka ya 1960, Mnorwei Helge Ingstad na mkewe Anne Stine, ambaye alikuwa mwanaakiolojia, walifukua masalia ya nyumba za Wanorse, yaani mabaharia wa kale wa Skandinavia, huko L'Anse aux Meadows, kisiwa cha Newfoundland, Kanada. Masalia yale yalikuwa chini ya udongo, na mkazi wa kijiji cha hapo ndiye aliyewaonyesha matuta yenyewe. Mwaka 2021 wanasayansi walionyesha kwamba baadhi ya mbao za pale zilikatwa mwaka 1021, karibu miaka 470 kabla ya Columbus. Hapo sema bila wasiwasi: waliyavumbua masalia, wakagundua kwamba Wanorse walifika Amerika mapema.

Nimeandika "wakagundua kwamba", na hiyo ndiyo njia ya kuliokoa neno gundua. Likifuatwa na nchi ya watu, linaleta mgogoro. Likifuatwa na "kwamba" au "kuwa", linaeleza ujuzi mpya wa mtu fulani, na mtu huyo anatajwa wazi. "Wahispania waligundua kwamba ng'ambo ya Atlantiki kuna nchi wasizozijua" ni sentensi safi. Ajabu ni kwamba ukiandika hivyo, Columbus mwenyewe anabaki nje. Mpaka alipofariki Valladolid mwaka 1506 alikuwa bado anashikilia kwamba amefika pembezoni mwa Asia. Amerigo Vespucci ndiye aliyeeleza kwamba ile ni nchi nyingine kabisa, na mwaka 1507 Martin Waldseemüller akachapisha ramani yenye jina America kwa heshima ya Vespucci.

Basi uandike nini? Mimi naandika "alifika". Tena Kiswahili kina utajiri mwingine hapa. Mtu akisafiri tunamuuliza: "Umefikia kwa nani?" Kufikia kwa mtu ni kupokelewa na mwenyeji, na kitenzi hicho hakikai bila mwenyeji. Usiku wa Krismasi 1492, merikebu Santa María ilipwelewa kaskazini mwa Hispaniola. Chifu wa Wataino wa eneo lile, Guacanagarí, alituma watu wake na mitumbwi wakasaidia kuokoa mizigo. Columbus alifikia kwa Guacanagarí. Sentensi hiyo fupi inasema kweli zaidi kuliko kurasa nyingi za "ugunduzi".

Wapo watakaokuambia useme "alivamia" tangu mwanzo. Nawaelewa, lakini napenda kila tendo lipewe kitenzi chake. Mwaka 1492 alifika. Mwaka 1493 alirudi na merikebu 17 zenye zaidi ya watu elfu moja, na hao hawakwenda kutembea, walikwenda kulowea. Mwaka 1495 Wataino wapatao 500 walikamatwa, wakapakiwa melini na kupelekwa Hispania kuuzwa, na wengi wakafa baharini. Hapo kitenzi ni kuteka na kuuza watu, na usikifunike kwa kingine. Kati ya 1519 na 1521 Hernán Cortés aliuvamia na kuuteka Tenochtitlan, mji mkuu wa Waazteki. Ukisema "ugunduzi" kwa yote hayo, umeyatia katika kapu moja mambo yasiyofanana.

Sasa "Wahindi Wekundu". Jina hili limebeba kosa la Columbus mzima mzima. Aliwaita indios kwa sababu alidhani amefika India na nchi za jirani zake. Aliamini hivyo kiasi cha kumchukua mkalimani, Luis de Torres, aliyejua Kiebrania na Kiarabu kidogo, na Novemba 1492 akamtuma bara ya Kuba kwenda kumtafuta mfalme wa Asia. Kiarabu kile hakikumfaa kitu kule Kuba. Miaka sita baadaye, mwaka 1498, watu wa Vasco da Gama walitumia Kiarabu Malindi wakaelewana na wenyeji. Lugha tu ingetosha kumwambia Columbus kwamba hayuko katika Bahari ya Hindi.

Kwetu jina hilo lina tatizo la ziada. Wahindi tunawajua, tunaishi nao, na mtoto akisikia "Wahindi Wekundu" anafikiri ni ndugu zao. Taja watu kwa majina yao: Wataino, Wakaribi, Wamaya, Waazteki, Wainka, Watupi. Ukihitaji jina la jumla, "wenyeji wa asili wa Amerika" linatosha. "Wekundu" liache kabisa, maana kumtaja mtu kwa rangi ya ngozi hakuongezi maarifa yoyote.

Nisije nikaonekana namlaumu Columbus peke yake kwa kuchanganya India na Amerika: sisi pia tunalo kosa la namna hiyo, na tunalila kila siku. Mahindi ni zao la Amerika, lililolimwa Meksiko maelfu ya miaka. Lilipofika pwani yetu kwa njia ya bahari, wazee waliona limetoka upande wa Bara Hindi, wakaliita muhindi. Mazao mengine yalikuja na majina yao. Nanasi linatokana na lugha ya Watupi, na kanju, jina jingine la tunda la mkorosho, vilevile, yote mawili yakipitia kwa Wareno. Papai asili yake ni lugha za visiwa na pwani za Karibi. Kakao ni la Wanahua wa Meksiko. Mtoto wako akitaka ushahidi kwamba kulikuwa na watu, mpeleke sokoni. Akisema "nanasi" anatamka neno la watu ambao kitabu chake kinasema "waligunduliwa".

Najua utaniuliza kuhusu mtihani, kwa sababu swali "Nani aligundua Amerika?" huenda likaja, na mtoto lazima apate alama yake. Mfundishe ajibu kama anavyotarajiwa, lakini mweleze wazi kwamba huo ni mtazamo wa Wazungu wa wakati ule. Katika majaribio unayotunga mwenyewe, ambako hakuna anayekulazimisha, geuza swali. Ubaoni andika: "Mwaka 1492 Christopher Columbus alifika visiwa vya Karibi, ambako Wataino walikuwa wakiishi." Kisha waulize: "Wenyeji walikiitaje kisiwa cha kwanza alichoshukia?" Atakayejibu Guanahani mpe alama zote.