Zamani tulitaja bei, siku hizi wanaficha jina: majibu ya maswali yenu ya safari

SWALI: Habari za kazi mhariri. Nilipofika Marekani 2006 binamu yangu alikuwa ananitafutia hoteli kwa kutaja bei mwenyewe kwenye tovuti ya Priceline, tukalala hoteli ya nyota 4 Chicago kwa dola sitini na kitu. Juzi nimeingia nifanye vilevile, nimetafuta pa kuandika bei yangu mpaka nimechoka. Wamepapeleka wapi? – Msomaji, Minneapolis

JIBU: Kaka, hujakosea, pale pameshafungwa. Priceline walianza na mtindo ule 1998 kwenye tiketi za ndege, tiketi wakaziondolea mnada 2016 na hoteli nazo zikafuata miaka michache baadaye. Wengi wenu hamkuukuta kwa hiyo ngoja nieleze kidogo maana ukiuelewa ule utaelewa na hizi ofa za leo.

Ulikuwa unachagua mji, unachagua eneo la mji, unachagua idadi ya nyota, halafu unaandika dau lako na namba ya kadi, na hapo hoteli yenyewe huijui bado. Dau likipita kadi inakatwa palepale ndo jina linatokea. Likigoma unakaa saa 24 ndo ujaribu tena, labda ubadilishe kitu, mfano uongeze eneo lingine. Sasa wajanja wakagundua kwamba ukiongeza eneo ambalo halina kabisa hoteli ya nyota 4, umepata nafasi nyingine ya kutaja dau bila hatari ya kutupwa mbali, maana huko hakuna hoteli ya kukupa. Mtu anaanza dola 50, inagoma, anaongeza eneo moja anapanda 55, inagoma, anaongeza lingine 60, anafika usiku wa manane ana kalamu na karatasi yake pembeni.

Na kupanda taratibu ilikuwa lazima. Mnada wa kawaida unashindana na mnunuzi mwenzio, ule ulikuwa unashindana na kiwango cha chini ambacho hukioni. Kama hoteli ingekubali 55 na wewe umetaja 80, unalipa 80 yako yote na hakuna wa kukwambia kaka umezidisha.

Kwa nini hoteli zilikubali? Chumba cha usiku wa leo kisipolaliwa leo ndo basi, huwezi kukiweka ukauze kesho. Ni kama mama mwenye ndizi mbivu saa kumi na mbili jioni, anakushushia kwa sababu kesho zitakuwa nyeusi. Ila hataki yule aliyenunua asubuhi kwa bei kamili asikie amekuuzia shilingi ngapi, ndo maana jina la hoteli linafichwa mpaka umeshalipa.

Hiyo sehemu ya kuficha jina ndo iliyobaki. Priceline wanaiita Express Deals, tovuti nyingine ya Hotwire wanaiita Hot Rate, tofauti ni kwamba bei wanataja wao na wewe unakubali au unaacha. Na hapa ndo kuna kazi ya kufanya kaka. Usilipe kwanza. Fungua ukurasa wa pili, tafuta mji uleule tarehe zilezile kwenye orodha ya kawaida yenye majina, halafu linganisha eneo, nyota, alama walizotoa wageni, na vitu vilivyotajwa kama bwawa, gym, chai ya asubuhi. Ile iliyofichwa ikiandikwa ina bwawa la ndani na basi la bure la uwanja wa ndege, na kwenye orodha ya majina hoteli yenye hivyo vyote na alama hizohizo ni moja tu, basi unaweza kubahatisha vizuri. Kubahatisha lakini, sio kujua. Priceline wana na ofa nyingine inayokuonyesha hoteli tatu kwa majina wakakupa moja, hiyo mimi naipenda zaidi, ukiona zote tatu unaweza kulala bila shida basi lipa.

SWALI: Tuna harusi ya mdogo wangu Dallas, tunatoka Columbus mimi, mume na watoto watatu. Nimeona hoteli ya jina la siri imeshuka karibu nusu bei. Nichukue? – Mama wa watatu, Ohio

JIBU: Hapana dada yangu, safari hii usichukue.

Ofa hizi zinakuhakikishia chumba cha watu wazima wawili, kitanda cha aina gani hakuna ahadi. Unaweza kufika na watoto watatu wenye usingizi ukakuta kitanda kimoja kikubwa, na mapokezi wakakwambia kwa upole kabisa kwamba vya vitanda viwili vimeisha. Halafu harusi zetu unazijua, kamati inaweza kubadilisha ukumbi wiki mbili kabla, na hela ya ofa hizi hairudi wala tarehe haibadiliki.

Chukua chumba cha kawaida kinachoruhusu kughairi bure, chenye vitanda viwili vimeandikwa. Wiki moja kabla ya safari cheki bei tena, ikiwa imeshuka chukua mpya kwanza ndo ughairi ya zamani, usianze kughairi. Na uliza hela ya kupaki, kwenye katikati ya miji mikubwa gari inaweza kulala kwa bei ya nusu chumba. Ada zingine za lazima, zile wanazoziita za resort, tangu Mei 2025 sheria ya Marekani inataka ziwe ndani ya bei unayoonyeshwa mwanzo, lakini parking ya hiari inabaki nje.

Nakwambia hivi kwa ukali kidogo kwa sababu limeshanikuta. Ndege yangu ilikuwa inatua Atlanta saa saba kasoro usiku, kuamkia tarehe 12, nikapata chumba kizuri cha jina la siri nikalipia usiku wa tarehe 12. Nikafika na begi langu nikiwa nimechoka hoi, kijana wa mapokezi akaangalia skrini akaniambia buking yako inaanza leo saa tisa mchana. Nilitakiwa kulipia usiku wa tarehe 11! Nikapiga simu kampuni niliyolipia, nikasubiri dakika arobaini, jibu likawa ofa haibadilishwi. Nikalipa chumba mara ya pili kwa bei kamili, saa nane usiku, sikuwa na ujanja. Kwa hiyo anayetua baada ya saa sita usiku ahesabu kwa usiku ulioanza jana yake, tafadhali.

SWALI: Shikamoo. Shirika ninalosafiria Washington kwenda Dar kupitia Addis limenitumia imeili nitaje dau ili nipandishwe daraja la biashara. Nitaje ngapi? – Mwanafunzi, Maryland

JIBU: Marahaba mwanangu. Kwanza angalia dau linahesabiwa vipi, mara nyingi ni kwa kila mtu na kwa kila kipande cha safari. Weka hela yako kwenye kipande kirefu cha kuvuka bahari ambapo utalala kweli, Addis mpaka Dar ni karibu saa tatu tu, kaa kiti chako ule chakula umefika. Angalia pia daraja la biashara linauzwa bei gani siku hiyo, toa uliyolipa tayari, na dau lako liwe chini sana ya hiyo tofauti. Ile mishale inayokwambia dau lako ni dhaifu au lina nguvu imewekwa na muuzaji, isikutie presha.

Kadi haikatwi mpaka wakubali, na kwa kawaida unaweza kulibadilisha au kulifuta dau kabla ya muda wao kufika, likishakubaliwa basi. Na uliza kuhusu mizigo kwa maandishi. Usidhani umepandishwa kiti na kilo zimepanda, mashirika mengine yanakuachia mizigo ya tiketi yako ya mwanzo, na wewe najua begi la zawadi za nyumbani limeshajaa.

SWALI: Nimesikia Marekani kuna sheria ya kughairi ndani ya saa 24. Hoteli niliyolipia jana asubuhi ya jina la siri nirudishiwe? – Msomaji, Houston

JIBU: Sheria unayoisema ni ya tiketi za ndege, zilizokatwa moja kwa moja kwa shirika siku saba au zaidi kabla ya safari. Hoteli ya jina la siri haimo. Ila wapigie leo leo uliyolipa kwao, sio hoteli, uwaeleze sababu kwa utulivu, na kama uliongezea bima wakati wa kulipa isome inafidia nini. Wakikataa, muulize meneja wa hoteli kama atakubali ndugu yako alale kwa jina lake, wengine wanakubali.