Mkono mmoja ulivyoninyima rekodi

Juzi kaka mmoja msomaji kanitumia meseji, anasema kasikia nimevunja rekodi na yeye anataka ya kwake, eti nimwambie aogelee kilomita ngapi kwa wiki. Nilimjibu kifupi ila moyo haukutulia, manake hilo ndilo swali nililokua nauliza mimi miaka mitatu iliyopita na ndilo lililoniponza.

Ni kweli, mwezi uliopita nimevuka kwa kuogelea mlango wa bahari wa kilomita 34 kwa masaa 12 na dakika 6, na hamna aliyewahi kuvuka pale kwa muda mfupi zaidi. Nimefurahi sana, sifichi. Lakini haikua mara yangu ya kwanza kuvuka pale. Mara ya kwanza nilifika, nikatoka majini kwa miguu yangu mwenyewe, na haihesabiwi.

Siku ile tuliingia saa tatu usiku. Mbalamwezi imewaka, bahari inameta, kila mtu kwenye boti anapiga picha, na mi nikaona Mungu kanifungulia njia. Mwezi mpevu maana yake bamvua, maji yanajaa na kupwa kwa nguvu, na nahodha alishanisihi wiki nzima tungoje maji mafu, siku ambazo mkondo hauna nguvu sana, nikakataa kwa sababu watu wangu wa boti walikua na likizo siku hizo tu. Usiku wa manane mkondo ukaanza kutuvuta pembeni, napiga mikono 62 kwa dakika na taa ya ng'ambo iko palepale. Hapo katikati kuna masaa manne sina cha kusimulia, ni giza na kuhesabu.

Kulipokucha ndio mambo yakaharibika. Ulimi umevimba kwa chumvi, kwapa na shingo zimechubuka mpaka mafuta ya mgando hayasaidii tena, konyeza, wale viumbe laini wa baharini wanaowasha, wamenichapa kifua kizima. Chakula changu kilikua cha maji, kwenye chupa iliyofungwa kamba, wananirushia kila nusu saa nakunywa nikielea chali bila kugusa boti. Ile ya saa tatu asubuhi kamba ikateleza, chupa ikaenda na wimbi. Rafiki yangu, mtu ninayempenda kama ndugu wa tumbo moja, aliyeacha familia yake aje kukesha kwa ajili yangu, akaniona natetemeka, akainama, akanidaka kifundo cha mkono, akaninyanyua kidogo na kuninywesha chupa nyingine kwa mkono wake. Sekunde kumi hazifiki. Mi hata sikuelewa kama kuna kitu kimetokea, ninachokumbuka ni joto la kiganja chake.

Mwangalizi, yule mtu wa kushuhudia kama sheria zinafuatwa, alikua amekaa nyuma ya boti na daftari lake ndani ya mfuko wa plastiki. Baadae niliusoma ule mstari, umeandikwa kwa penseli chini ya joto la maji na idadi ya mikono: "3:12. Ameshikwa mkono, amenyanyuliwa." Kilomita mbili zilizobaki niliogelea bila kujua kwamba safari imeshakwisha, hamna aliyekua na moyo wa kuniambia. Nilifika ufukweni nalia kwa furaha, wakaniambia nikiwa tayari nimefunikwa taulo.

Mwaka uliofuata mtu mwingine akavuka. Yeye ndiye wa kwanza kwenye orodha na atabaki yeye mpaka mi naingia kaburini, na hata sasa hivi naandika hapa inauma.

Najua kuna wanaosema sheria hizi ni za ukatili. Mi nazitetea. Unaruhusiwa nguo moja ya kuogelea, kofia, miwani na mafuta mwilini, uanzie nchi kavu umalizie nchi kavu, usishike boti wala usishikiliwe na mtu. Kule katikati hamna jukwaa la watazamaji, ushahidi wako ni lile daftari na yule mtu anayeandika.

Na sio mimi wa kwanza. Gertrude Ederle, Mmarekani, mwaka 1925 alikua anavuka kutoka Ufaransa kwenda Uingereza, kocha wake akaamua amechoka, akaamuru ashikwe atolewe majini. Mwenyewe alisema alikua anapumzika tu. Akarudi Agosti 1926 na kocha mwingine, akavuka kwa masaa 14 na nusu hivi, mwanamke wa kwanza, na akawapita wanaume wote waliomtangulia kwa karibu masaa mawili. Diana Nyad nae alitoka Cuba mpaka Florida mwaka 2013 akiwa na miaka 64, jaribio la tano, na bado watu walikuja kuuliza maswali kuhusu masaa ambayo kumbukumbu zake hazikuandikwa vizuri, na kuhusu watu waliomgusa wakimsaidia kuvaa nguo ya kujikinga na konyeza. Miaka yote ile ya kuteseka, mjadala ukaishia kwenye daftari na mikono ya watu wa boti! Halafu mwangalie Sarah Thomas, 2019, mwaka mmoja tu baada ya matibabu ya saratani ya matiti, kavuka mlango uleule wa Ederle mara nne bila kupumzika, masaa 54, chupa inakuja kwa kamba.

Kwa hiyo ndugu zangu, tunayapenda mno mabega yetu. Tunahesabu kilomita, tunanunua miwani mipya, watu wa boti tunawatafuta wiki ya mwisho. Wafundishe. Warushe chupa mara mia wakiwa kwenye mawimbi, wajue kamba ikiteleza wanafanya nini, wajue kukuuliza jina la mama yako na kusikiliza kama ulimi unajikwaa, manake baridi ikikuingia we mwenyewe hutajua, mikono yako itapungua kasi na utaapa uko sawa. Na mwangalizi awe mtu asiyekupenda sana. Ratiba ifuate maji, likizo za watu zifuate ratiba. Nimerudia sana hili kwa wanaonifuata na nitarudia tena, wafundishe watu wako.

Mwezi uliopita tulingoja maji mafu, mwezi ni nusu, hamna aliyepiga picha. Rafiki yangu alikuwepo tena, sikukubali kwenda bila yeye. Kila chupa ilipotupwa nilikua namuona amekaa ukingoni, mikono yake yote miwili kaibana katikati ya magoti, ananitazama mpaka nimalize kunywa. Mara ishirini na tatu, usiku mzima mpaka asubuhi.

Kaka uliyeniandikia, kilomita tutaongea. Kwanza nitumie majina ya watakaokaa kwenye boti.