Ukitaka watu wa nyumbani wabadilike, anza na birika

Kwetu Chake Chake chai hutiwa sukari birikani, huko huko jikoni. Ikifika mkekani, kila mtu anakunywa kipimo cha mpishi. Nilipoamua kupunguza sukari sikumwambia mtu aache. Nilipika chai ya mkandaa, yaani isiyo maziwa, kwa mchaichai na iliki, bila ya sukari, na sukari nikaiweka kwenye kibakuli na kijiko kidogo, anayetaka ajitilie. Shemeji yangu akatia vijiko vinne. Nikanyamaza, nikampa na muhogo wa kuchemsha. Siku hizi anatia kimoja, na hakuna aliyemuomba.

Mtu mzima akiambiwa mbele za watu kwamba amenenepa, huacha kuja kwako kabla hajaacha mandazi. Mwachie aamue mwenyewe.

Kwa wakubwa adabu inataka njia nyingine. Mama mkwe wangu ana presha na anapenda ng'onda, samaki mkavu wa chumvi. Shirika la Afya Duniani linashauri chumvi isifike gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, lakini mimi ni nani hata nimsomee hayo? Nilimuomba anifundishe mchuzi wa samaki mbichi kwa mbirimbi, kama alivyokuwa akipika zamani. Ukali wa mbirimbi, bizari na pilipili mbichi, ulimi hauiulizii chumvi. Sasa mchuzi ule ni wake, na wakwe wenzangu anawasimamia yeye.

Mazoezi nayo hivyo hivyo. Januari 1, siku ya mazoezi kitaifa hapa Zanzibar, barabara hujaa fulana za vikundi, kisha wengi hurudi majumbani. Anayeendelea ni yule anayepigiwa hodi. Mimi baada ya sala ya alfajiri huvaa raba chini ya buibui, nikagonga kwa jirani: "Shoga, nisindikize mpaka njia ya Gombani." Kusindikiza hakuna anayekataa. Nusu saa ya mwendo wa haraka, siku tano kwa wiki, inatimiza zile dakika 150 zinazoshauriwa, na mazungumzo yanafupisha njia.

Ila tusijifanye madaktari. Mwenye kisukari anayetumia vidonge au insulini asibadilishe chakula wala asifunge Ramadhani kabla ya kwenda kituo cha afya. Akisitasita, nenda naye, ukakae naye kwenye foleni.