Kwa mlioanza kazi juzi: kazi yako inaenda kwa nani?

Wadogo zangu mlioanza kazi juzi juzi, najua kuna swali huwa linakuja ukishazoea ofisi, hivi mimi hapa nina faida gani? Umesoma miaka yote ile halafu kutwa unajaza majedwali, unaskani makaratasi, unatuma ripoti hujui hata kama kuna anayeifungua. Hapo wengi wanaanza kutafuta kusudi la maisha, usiku wanaangalia video za kuhamasisha, asubuhi wanarudi kwenye jedwali lilelile. Mi nasema kusudi liacheni kwanza, mtafute mtu anayepokea kazi yako.

Yani mtu kabisa, mwenye kiti chake. Ripoti yako ya Ijumaa inaenda uhasibu si ndiyo? Nenda kakae na anayeipokea pale nusu saa umwangalie anavyoifungua. Unaweza kukuta tarehe ulizoandika, mara 3/4 mara 3 Aprili, anazirekebisha moja moja kila wiki na hajawahi kukwambia, labda kakuonea aibu labda kachoka tu kusema. Ukizinyoosha zikawa za aina moja ndo utajua faida yako iko wapi.

Na si mimi tu ninayesema, Adam Grant, mwanasaikolojia wa mambo ya kazi, na wenzake walitoa utafiti 2007 kuhusu watu waliokuwa wanapiga simu kuomba michango ya chuo kikuu kimoja Marekani. Baadhi yao walikutanishwa dakika chache tu na mwanafunzi aliyesomeshwa na hizo pesa, mwezi mmoja baadaye muda wao wa kuongea na watu kwenye simu ulikuwa zaidi ya mara mbili ya mwanzo, na michango ikapanda pia. Kazi ileile, sema wameshaona sura.

Ila msichanganye kufaa na kutumikishwa. Ukiwa mtu wa ndiyo kwa kila kitu, chapa hiki, fuata kile, malizia slaidi za mwenzio, utasifiwa sana ila mwaka ukiisha hakuna anayejua kazi yako hasa ni ipi. Ukipewa kazi uliza, hii inaenda kwa nani, anaitaka lini? Kuna wakati aliyekuwa anaihitaji alishahama idara zamani, ripoti inatumwa tu kwa mazoea. Hiyo usiiache kimyakimya, mwambie bosi kwa adabu na uende na pendekezo la kazi ya kuweka pale, maana akisikia una nafasi tu atakutafutia yeye.